Kuwafundisha Watu Wazima Kazini: Mfano wa Dakika ya Kwanza ya Mtoto Mchanga

Utangulizi

Mtoto anapozaliwa bila kupumua, muda wa kumsaidia huhesabiwa kwa sekunde. Mtaala wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010 na kutumika mapema nchini Tanzania, huuita muda huo dakika ya dhahabu. Katika sekunde 60 za mwanzo mtoto anatakiwa awe amekaushwa na kufunikwa nguo kavu, awe amesisimuliwa kwa kusuguliwa mgongo na, ikiwa bado hapumui, awe ameanza kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa, kifaa ambacho wengi wodini hukiita ambu. Yapata mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua. Wengi wao huitikia wakikaushwa na kusisimuliwa, na ni wachache tu wanaohitaji kupuliziwa hewa. Kwa hao wachache, uhai hutegemea kama mtu aliyesimama karibu nao anajua la kufanya, na kama mikono yake inaweza kulifanya mara moja.

Maarifa yenyewe si mengi. Mkufunzi mzuri anaweza kuyaeleza asubuhi moja. Ugumu uko katika kuyafikisha kwa kila mtu anayehudumia wazazi, kwa sababu wodi ya wazazi haina mwanafunzi wa aina moja. Yumo mkunga aliyezalisha kwa miaka 25, muuguzi aliyetoka chuoni mwezi uliopita, daktari mtarajali anayepita kwa miezi michache, na mhudumu wa afya anayeandaa vifaa na kufanya usafi. Makala haya yanaeleza namna mafunzo kazini yanavyoweza kuwafaa watu hao wote, na yanatetea hoja moja: kipimo cha utendaji kiwe kimoja kwa wote, lakini njia ya kukifikia ianzie pale kila mmoja alipo.

Kufaulu darasani na kutenda wodini

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, imetoa funzo ambalo kila mpangaji wa semina angepaswa kulifahamu. Watafiti walipima utendaji wa watoa huduma kabla na baada ya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Katika zoezi la kuigiza kwa mwanasesere, waliofaulu kumhudumia mtoto asiyepumua walipanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Kwa kawaida semina hutangazwa kuwa imefana kwa matokeo ya namna hiyo, na taarifa hufungwa. Watafiti hao, hata hivyo, waliendelea kuwaangalia watoa huduma wakiwa kazini, mbele ya watoto halisi. Huko hawakuona mabadiliko yaliyotarajiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Hospitali hiyo haikuutupa mtaala. Ilibadili namna ya kuufundisha. Mazoezi yaliletwa wodini, yakawa mafupi na ya mara kwa mara: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Utafiti wa kulinganisha kabla na baada hauwezi kuthibitisha kwamba upungufu wote ulitokana na mazoezi peke yake, maana hospitali hubadilika kwa mengi. Hata hivyo, ukitazamwa pamoja na ule wa kwanza, unaonyesha jambo lililo wazi: mtu mzima anaweza kukijua kitu siku ya semina, na asikitende siku ya haja.

Tofauti zipi zina maana?

Wakufunzi wengi wakiambiwa kwamba wanafunzi hawafanani, hufikiri kwanza habari ya mitindo ya kujifunza: kwamba wako wanaojifunza kwa kuona, wanaojifunza kwa kusikia na wanaojifunza kwa kutenda, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Fikra hii imeenea sana, lakini haina msingi imara. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walichambua tafiti zilizokuwapo na wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kulinganisha somo na mtindo wa mtu humfanya ajifunze vizuri zaidi. Isitoshe, kazi yenyewe ndiyo inayoamua njia. Kubana barakoa usoni mwa mtoto ili hewa isivuje ni kazi ya mikono, na hakuna atakayeiweza kwa kusikiliza maelezo tu, hata akijiona ni mtu wa kusikia.

Tofauti zenye uzito ziko mahali pengine. Ya kwanza ni kile ambacho mtu tayari anakijua, kiwe sahihi au kimepitwa na wakati. Ya pili ni jukumu lake: je, yeye ndiye atakayepuliza hewa, au ndiye atakayeita msaada na kuleta vifaa? Ya tatu ni mazingira ya kazi yake: idadi ya watoto wanaozaliwa kituoni, wenzake walio naye zamu, na muda alio nao.

Mambo haya yanapatana na mawazo ya Malcolm Knowles, mwalimu wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilieneza nadharia ya elimu ya watu wazima. Knowles alieleza kwamba mtu mzima huja darasani na uzoefu wake, hutaka kujua faida ya somo katika shughuli zake za sasa, na hupenda kushirikishwa katika kuamua anachojifunza. Tanzania nayo haikuwa mgeni wa fikra za namna hii. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Vikundi hivyo havikuishia kusikiliza. Vilijadili kilichosemwa, vikaamua la kufanya kijijini, kama vile kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu, kisha vikalitenda.

Wanafunzi wanne wa wodi moja

Mkunga mzoefu. Huyu hahitaji kuelezwa mtoto asiyepumua anafananaje, kwa kuwa amewaona wengi. Kazi ya mkufunzi kwake mara nyingi si kuongeza, bali ni kusaidia kuacha. Wakunga waliosoma zamani walizoea kumning'iniza mtoto kichwa chini, kumpiga nyayo, au kumvuta ute puani na mdomoni kila anapozaliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 unashauri kwamba mtoto aliyezaliwa katika maji safi na kuanza kupumua mwenyewe asivutwe ute. Kwa mtoto asiyepumua, sekunde zinazotumika kwa mambo yasiyo ya lazima ni sekunde zilizopotea kabla ya hewa kuingia mapafuni.

Mazoea ya miaka 25 hayavunjwi na slaidi moja. Mkunga huyu husaidiwa zaidi na zoezi linalomwonyesha muda. Afanye kwa mwanasesere kama afanyavyo siku zote, huku mwenzake akihesabu kwa saa; kisha wote watazame pumzi ya kwanza ilitolewa sekunde ya ngapi. Saa haibishani na mtu wala haimdharau. Aidha, utafiti wa namna akili inavyojifunza umeonyesha kwamba maelekezo ya hatua kwa hatua yanayomsaidia mwanagenzi yanaweza kumlemea mzoefu. Kwa hiyo yeye apewe hali ngumu ya kutatua: pacha wawili wanaozaliwa kwa kufuatana, barakoa isiyobana, au mama anayetoka damu wakati mtoto hapumui.

Muuguzi mpya na daktari mtarajali. Hawa wanazo nadharia zikiwa bado mbichi. Wanaweza kutaja hatua zote kwa mpangilio, lakini mikono yao haijazoea. Kwao njia ya hatua nne, ambayo hunasibishwa na daktari Rodney Peyton, hufaa sana. Kwanza mkufunzi anatenda kwa kasi ya kawaida bila kusema neno. Pili, anatenda polepole akieleza kila hatua. Tatu, anatenda huku mwanafunzi ndiye anayeeleza. Nne, mwanafunzi anatenda mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu hurukwa mara nyingi kwa kukosa muda, ingawa ndiyo inayofichua kama mwanafunzi ameelewa au amekariri.

Hawa pia wasianzishiwe pacha na damu. Waanze na jambo moja: barakoa ifunike pua, mdomo na ncha ya kidevu bila kugusa macho, na kifua cha mwanasesere kiinuke. Baada ya hapo waongezewe kasi ya kiasi cha pumzi 40 kwa dakika, na mwisho waunganishe hatua zote tangu kukausha.

Mhudumu wa afya. Katika vituo vingi huyu husahauliwa, kwa hoja kwamba si kazi yake. Lakini usiku, muuguzi akiwa mmoja zamu, ndiye mtu wa pili chumbani. Yeye ndiye anayejua kama ambu imeoshwa ikarudishwa mahali pake, au imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa aliyekwenda likizo. Mafunzo yake yafuate jukumu lake: kuandaa meza ya mtoto kabla mama hajajifungua, kukagua kwamba ambu inasukuma hewa, kutambua mtoto asiyelia wala kupumua, kuita msaada, na kumkausha mtoto akiambiwa. Kama hajazoea kusoma maandishi marefu, picha ya ukutani na mazoezi ya kutenda vitamtosha. Kutosoma sana si kutofahamu, na mkufunzi anayemfundisha kana kwamba ni mtoto humpoteza msaidizi aliyemhitaji.

Mtoa huduma wa zahanati ya mbali. Huyu anaweza kuzalisha akina mama wachache kwa mwezi, na kupita miezi mingi bila kukutana na mtoto anayehitaji kupuliziwa hewa. Shida yake ni kutu. Stadi za kuokoa uhai hupungua ndani ya miezi zisipotumiwa, hata kwa mtu aliyezijua barabara. Mara nyingi hana mwenzake wa kumsahihisha. Kwake semina kubwa ya mwaka mjini ina faida ndogo kuliko mwanasesere mmoja kwenye zahanati na ratiba ya kujizoeza kila wiki, pamoja na simu kutoka kwa mkunga wa kituo cha afya kuuliza zoezi lilikwendaje.

Namna ya kupanga mafunzo

Mkufunzi anaweza kuuliza: je, ina maana kila wodi iendeshe kozi nne? La. Hakuna kituo chenye watu na fedha za kufanya hivyo. Kinachohitajika ni kiini kimoja chenye milango kadhaa ya kuingilia.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kufundisha. Kila mmoja afanye zoezi moja fupi kwa mwanasesere, peke yake au mbele ya mkufunzi tu. Dakika tano za kutazama humweleza mkufunzi mengi kuliko fomu ya maswali. Anaweza kugundua kwamba mkunga mkongwe anavuja hewa kwenye barakoa, au kwamba mtarajali anatenda vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Vyeo na miaka ya kazi vinaashiria tu mahali pa kuanzia.

Hatua ya pili ni kukubaliana juu ya kiini. Wote, bila kujali cheo, waweze kutambua mtoto asiyepumua, kumkausha, kumsisimua na kuita msaada. Wote wanaoruhusiwa kuzalisha waweze kuanza kupuliza hewa ndani ya dakika moja na kukifanya kifua kiinuke. Orodha ya kupimia iwe ileile kwa mzee na kijana. Kumshushia mtu kipimo kwa heshima ya umri wake, au kwa kumhurumia kwa sababu ni mgeni, ni kumhamishia mtoto hasara hiyo.

Hatua ya tatu ni kugawa muda. Badala ya siku mbili mfululizo, mafunzo yagawanywe katika vipindi vifupi kando ya kazi. Dakika tano wakati wa kupokezana zamu hutosha kwa zoezi moja. Vipindi hivyo vianze kwa kukumbuka, si kwa kusomewa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walibaki nacho zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tena na tena. Kwa hiyo swali liulizwe kwanza: “Mtoto amekaushwa, bado hapumui; sasa nini?” Jibu litolewe kwa mikono.

Hatua ya nne ni kuikumbuka zamu ya usiku. Semina za mchana huwakosa watu walewale ambao usiku hubaki peke yao. Ratiba ya mazoezi ibandikwe pamoja na ratiba ya zamu, na kila zamu iwe na mtu mmoja wa kuongoza zoezi. Mtu huyo si lazima awe mkubwa wa cheo. Mkunga mzoefu akipewa kazi hiyo, uzoefu wake hugeuka kuwa mali ya wodi nzima, na yeye mwenyewe hulazimika kushika utaratibu mpya ili aweze kuufundisha.

Hatua ya tano ni kupima palipo na mgonjwa. Rejista ya wazazi, kumbukumbu ya muda wa pumzi ya kwanza, na ukaguzi wa vifaa kila asubuhi huonyesha kama mafunzo yamefika. Idadi ya vyeti vilivyotolewa haionyeshi hilo.

Heshima na masahihisho

Jambo moja halimo katika vitabu vingi vya ukufunzi, nalo huamua mengi katika wodi za Afrika Mashariki: mkufunzi huwa mara nyingi ni kijana kuliko anayemfundisha. Kijana anayemwambia mkunga wa makamo, mbele ya wanafunzi wa uuguzi, kwamba amekosea, hata akiwa na haki, huenda akashinda hoja na akapoteza mwanafunzi. Mkunga atanyamaza, atasaini mahudhurio, na kesho yake ataendelea na desturi yake.

Suluhisho si kunyamazia kosa. Ni kuchagua mahali, wakati na maneno. Mkufunzi aanze kwa kuomba uzoefu wenyewe uzungumze: “Mama, wewe umepokea watoto wengi mikononi mwako. Ni kitu gani umekiona kikichelewesha hewa kumfikia mtoto?” Jibu mara nyingi litakuwa ndilo somo: ambu haionekani, taa imezimika, watu wanashughulika na mama peke yake, au muda umepita katika kuvuta ute. Kutoka hapo masahihisho hujengwa juu ya maneno yake mwenyewe. Makosa ya kiufundi yasahihishwe papo hapo kwenye mwanasesere, kwa utulivu, na kwa utaratibu uleule kwa kila mtu, mkufunzi akiwamo. Mkuu wa wodi akikubali kufanya zoezi mbele ya walio chini yake, akasahihishwa na kurudia, aibu ya kukosea hupungua kwa wote.

Upande wa pili nao una haki yake. Mhudumu wa afya aliyeona muuguzi amesahau kufunika mtoto anahitaji maneno ya kusema ambayo hayataonekana kuwa utovu wa adabu. Maneno hayo yafundishwe na kuzoezwa kama sehemu ya somo: “Sista, mtoto bado yuko wazi.” Sentensi fupi iliyokubaliwa na wote huokoa muda ambao ungepotea katika kusitasita.

Hitimisho

Mafunzo kazini hugharimu: yapo mahudhurio, nauli, posho na siku za kazi zinazopotea. Gharama hiyo hulipa pale tu utendaji unapobadilika mbele ya mgonjwa. Ushahidi wa Haydom unaonyesha kwamba mabadiliko hayo hayaji kwa siku moja ya darasa, bali kwa mazoezi mafupi yanayorudiwa mahali pa kazi. Uelewa wa elimu ya watu wazima unaongeza kwamba mazoezi hayo yaanzie kwenye kile mtu anachokijua, jukumu alilo nalo na mazingira anamofanyia kazi. Mkunga mzoefu anahitaji kuacha baadhi ya mambo, mgeni anahitaji kuzoea, mhudumu wa afya anahitaji kuhesabiwa, na mtu wa zahanati ya mbali anahitaji kutoachwa peke yake. Mtoto anayezaliwa usiku hachagui ni nani kati yao atakayempokea, na kwa sababu hiyo wodi haina budi kuwaandaa wote.

Maswali ya kujadili kituoni

1. Katika kituo chenu, ni nani walio chumbani mtoto anapozaliwa usiku? Nani kati yao hajawahi kushiriki zoezi la kumsaidia mtoto kupumua?

2. Ni desturi gani ya zamani bado inatumia sekunde za dakika ya kwanza? Ni zoezi gani lingeionyesha bila kumfedhehesha mtu?

3. Ambu iko wapi sasa hivi, na ni nani aliyeikagua mara ya mwisho?

4. Ni dakika tano zipi katika ratiba ya zamu zinazoweza kutengwa kila wiki kwa zoezi, na ni nani ataliongoza?

5. Mtu wa cheo cha chini akiona kosa, atumie maneno gani ambayo wote mmeyakubali?